Koma Hamfuati Mwizi

Swali la kwanza la wanafunzi wangu wakisimama makumbusho mbele ya kigango, nguzo ya mti iliyochongwa kwa ajili ya marehemu, huwa lile lile: "Mwalimu, usiku hutembea?" Wengi wao ni Wagiriama kama mimi, na wamesikia hadithi za mlinzi aliyesikia mtu akikohoa nyuma ya kioo. Siwacheki. Mimi hufundisha somo la dini, na hilo ni swali la dini: roho ya marehemu, kama ipo, inakaa wapi?

Huwaambia waanze kutazama chini. Juu kuna kichwa, mara nyingi duara bapa, na kiwiliwili chembamba kisicho na mikono, kilichojaa pembetatu ndogo ndogo zilizochongwa kwa ncha ya kisu. Hizo ndizo zinazowavutia wanunuzi. Lakini sehemu ya chini haina nakshi. Imeliwa na mchwa na imeshika rangi ya udongo. Hapo ndipo kilipofukiwa, na hapo ndipo unapojua kwamba kuna mtu aliking'oa.

Si kila marehemu husimikiwa kigango. Ni haki ya wazee wa Gohu, chama cha wenye heshima na mali. Wala hakisimikwi siku ya mazishi. Huenda miaka ikapita kwanza, hadi koma, yaani roho ya mzee, amjie mtu wa nyumba yake ndotoni, au maradhi na ukame vizidi na mganga aseme babu anadai. Ndipo mti mgumu huchongwa, pombe ya mnazi ikamwagwa, vitambaa vikafungwa. Tangu siku hiyo hakiguswi. Familia ikihama, hukiacha pale pale. Huko waendako huchonga kingine kidogo, kiitwacho kibao, na koma huombwa aje.

Wafanyabiashara waliouza vigango Marekani walijitetea kwa desturi hiyo hiyo: vilikuwa vimetelekezwa. Utetezi huo unanikera sana. Babu yangu amezikwa kwenye shamba tulilolihama, na hakuna anayeweza kuniambia kwamba tumemtupa. Na inauma zaidi kwamba walioving'oa usiku wengi walikuwa vijana wetu wenyewe, kwa malipo kidogo.

Mwaka 1985 Monica Udvardy, mtafiti kutoka Marekani, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimikia nduguze. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mzee alifariki bila kuviona tena, na familia ikahesabu misiba na maradhi yaliyofuata kuwa ni dai la koma. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi huko Marekani, mtafiti huyo akakiona kimojawapo kwenye picha: kilikuwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Illinois State. Kilirudishwa Kenya mwaka 2006.

Nilipolisimulia jambo hili darasani, msichana mmoja alikasirika. "Kwa hiyo aliyeibiwa ndiye anayeadhibiwa? Na mwizi je?"

Sijapata swali gumu kuliko hilo. Katika hadithi za sinema mzimu hufuata kitu chake na kumtesa anayekishika. Koma wa Kigiriama hamfuati mwizi. Hamfuati mnunuzi wala mkurugenzi wa makumbusho. Anarudi kwa wanawe. Nilimjibu yule binti kwamba hiyo si adhabu. Mzazi akiwa na njaa humwambia mwanawe, hamwambii mpita njia, hata kama mpita njia ndiye aliyemnyang'anya chakula. Mgeni hakumzika mzee, hakurithi shamba lake, hakumwahidi chochote. Kwa hiyo makumbusho kulala usingizi mnono si ushahidi kwamba hakuna kosa lililotendeka.

Mimi ni Mkristo, simwagi mnazi. Wenzangu kanisani huniuliza kwa nini basi najishughulisha na miti ya mizimu. Huwakumbusha Yusufu. Kabla ya kufa kule Misri aliwaapisha ndugu zake waichukue mifupa yake watakapotoka. Vizazi vikapita, Musa akaibeba, na mwishowe ikazikwa Shekemu. Hatusomi popote kwamba Yusufu alimtokea mtu usiku kumdai. Walioibeba walikuwa hawajapata kumwona uso. Kiapo kilitosha. Basi hata asiyeamini koma hana ruhusa ya kuishika ahadi ya watu na kuitundika ukutani kwake, na sisi tunaoamini ufufuo tuna sababu zaidi ya kuwatetea wafu wetu.

Mwaka 2019 vigango 30 vilirejea Kenya kutoka makumbusho ya Denver. Vilikuja bila majina, haijulikani kila kimoja kilitoka boma gani, na koma asiye na jina hajui pa kurudishwa. Kile cha Illinois kilipata mlango wa nyumbani kwa sababu ya picha moja. Kwa hiyo nakuomba wewe ambaye kwenu bado kimesimama: kipige picha wiki hii, mbele na nyuma, ukiwa na mzee wa boma kando yake. Andika jina la marehemu, la aliyekisimika, na la kijiji. Nakala moja kaa nayo, nyingine ipeleke makumbusho iliyo karibu nawe, na usiondoke mpaka wameiandika kitabuni.