Kalamu ya Mpingo na Wino wa Kuazima

Wahenga walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walimwonya mtu anayevutwa na sura ya kitu asijue kilichomo. Katika makala haya tunakusudia kuupima msemo huo kwa chombo kidogo ambacho kila mwalimu na kila mwanafunzi hukishika, nacho ni kalamu. Lakini si kalamu ya kiwandani. Tunayoikusudia ni kalamu iliyochongwa kwa mkono, ambayo ndani yake fundi ametia mrija wa wino ulionunuliwa dukani. Katika kalamu hiyo msemo wa wahenga umepinduka: mti uko nje, nao ni mti bora, kisichoaminika ni kile kilichomo ndani. Hapo ndipo linapozuka swali letu: je, fundi anawajibika kwa sehemu ya kazi yake ambayo hakuiunda yeye?

Kwanza tuitazame kalamu yenyewe. Mpingo humea kusini mwa Tanzania, hasa katika mikoa ya Lindi na Mtwara. Kiini chake ni kizito hata huzama majini, na mti wenyewe hukua polepole kwa miongo mingi kabla haujafaa kuvunwa. Wachongaji wa Kimakonde wameupatia sifa duniani, na mafundi wa ng'ambo huutumia kuundia ala za muziki kama klarineti. Fundi wa kalamu hukichukua kipande cha mti huu, akakikereza, akakitoboa katikati, akakipiga msasa mpaka kikang'aa. Kazi hiyo yote ikiisha, hutia ndani mrija wa wino, na aghalabu huchagua ule wa bei ya chini kabisa. Hivyo kazi ya siku nzima, na umri mrefu wa mti, vinategemezwa juu ya kitu ambacho hakikufikiriwa hata kidogo.

Sisi wenyewe tuliyaona matokeo yake. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukitumika wilayani, wenzetu wa ofisini walitutunuku kalamu ya mpingo. Tuliipenda, na tukiri kwamba tulipenda pia kuonekana nayo. Usiku mmoja tuliitwa nyumbani kwa mzee mgonjwa aliyetaka wosia wake uandikwe mbele ya mashahidi. Tukaandika kwa wino mweusi mpaka tukafika kwenye shamba dogo la minazi, alilotaka apewe mpwa wake wa kike aliyemuuguza. Hapo wino ukakatika. Tuliitikisa kalamu, tukaisugua kati ya viganja, tukaipasha moto wa kibatari. Haikutoa ila mikwaruzo. Mtoto mmoja akakimbia kuleta kalamu yake ya shule, yenye wino wa buluu, nayo ndiyo iliyoimaliza kazi.

Mzee alifariki baada ya siku chache. Wosia uliposomwa, mmoja wa wanawe alisimama akauliza: "Mbona habari za shamba zimeandikwa kwa wino mwingine?" Mashahidi waliapa, nasi tukaapa, na mwisho yule binti alipata haki yake. Lakini alitazamwa kama mwizi na watu wa nyumba ile, na miaka miwili ilipita kabla hawajasemezana tena. Chanzo cha yote ni mrija usiozidi urefu wa kidole.

Tulimwendea fundi kwa hasira. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa upole: "Mzee, mimi nimechonga mti. Wino sikuutengeneza."

Jibu hilo si la kudharauliwa. Mwandishi wa zamani wa pwani, aliyeandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, aliweza kuikata kalamu yake ya mwanzi kwa kisu na kuuchanganya wino wake katika kidau. Kalamu ikimsaliti alijua kosa ni la nani, na aliweza kuinoa papo hapo. Kalamu ya leo ina siri nyingine. Kwenye ncha yake mna kigololi ambacho kipenyo chake aghalabu hakizidi milimita moja. Kinapobiringika huchota wino mzito ulio nyuma yake na kuuacha juu ya karatasi. Bwana László Bíró, mwandishi wa magazeti wa Hungaria, aliyepata hataza za kalamu ya namna hii mwaka 1938, alisaidiwa na nduguye György aliyekuwa na elimu ya kemia, kwa kuwa wino wa kawaida haukufaa. Je, tumdai mchongaji wa kijijini ayajue yaliyowasumbua mabingwa hao?

La, hatumdai hayo. Hata hivyo jibu lake halikutosha, na sababu yake ni hii: anayeunganisha ndiye anayechagua. Mpishi hakulima mchele, lakini asipouchambua, mlaji akavunjika jino kwa jiwe, hatamwendea mkulima. Mwashi hakufyatua matofali yote ya nyumba anayoijenga, lakini hawezi kujitetea kwa hilo ukuta ukianguka. Fundi hakutuuzia mti peke yake. Alituuzia kalamu, na kalamu ni kitu kinachoandika. Jina alilokipa kitu chake ndilo ahadi yake.

Ahadi hiyo inadai mambo matatu. La kwanza, aujaribu mrija kwa kuandika kabla ya kuutia ndani, maana wino uliokaa mno dukani au uliopigwa na jua huweza kuharibika. La pili, atoboe tundu lenye kipimo cha mirija ipatikanayo madukani, wala asiigandishe kwa gundi. Kwani mrija ukigandishwa, siku ya kwisha wino ndiyo siku ya kufa kalamu, na mti wa miongo mingi utakuwa umetupwa kwa ajili ya kitu cha miezi michache. La tatu, amwambie mnunuzi ukweli: kwamba mwili wa kalamu ni kazi ya mikono yake, na wino ni wa kuazima.

Lakini itakuwa dhuluma kumtwika fundi mzigo wote. Sisi tulikwenda kuandika neno la mwisho la mtu bila ya kuijaribu kalamu tuliyokwenda nayo, wala kuchukua ya akiba. Tuliuamini mng'ao wa nje kwa sababu ulitupa fahari. Fundi alikosa kwa kutojaribu, nasi tulikosa kwa kosa hilohilo, tena tukiwa na elimu zaidi yake. Na hasira ilipotupanda tulitaka kuitupa kalamu yenyewe, tukasahau kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mrija uliumbwa ili uishe na ubadilishwe. Mti haukuumbwa hivyo.

Mwanafunzi anaweza kuuliza: haya yanahusu nini utamaduni wa taifa? Yanauhusu sana. Wapo wasemao tusitumie ila kilicho chetu chote, ndani na nje. Hao wakumbuke kwamba hata neno kalamu tulilipata kwa Waarabu, nalo limekuwa letu kwa kutumika vizuri. Wapo pia wasemao kuchonga ni kupoteza wakati, maana kalamu ya kiwandani inaandika vyema zaidi. Hao wanamlaumu mti kwa kosa la mrija. Kuazima si aibu. Aibu ni kuazima bila kuchagua, kisha kukitia kilichoazimwa ndani ya kilicho chetu na kukikana siku kinapoharibika.

Yule fundi hakuendelea kushindana nasi. Aliitoboa upya kalamu yetu ili ipokee mrija wa kawaida, na tangu siku hiyo tulimwona akiandika mstari mmoja kwenye kipande cha karatasi kabla ya kumkabidhi mnunuzi kalamu yoyote. Kalamu ile tunayo bado, na mrija uliomo sasa ni wa tatu. Kila tunapotakiwa kuandika jambo la mtu mwingine, nasi huanza kwa mstari mmoja juu ya karatasi ya kutupa.