Mfuko wa Vita na Gati la Amani

Wazee wetu walisema, "Ukiona vyaelea, jua vimeundwa." Mithali hii humkumbusha mtu kwamba kitu chema hakijileti chenyewe, bali hutoka katika kazi na gharama za watu. Lakini yafaa tuongeze swali: Viliundwa kwa fedha ya nani, na kwa nia gani? Maana vyombo vingi vya majini, na magati, na maarifa ya kupima vina na mawimbi, vilipata kukua kwa fedha iliyotolewa kwa ajili ya vita. Je, ni halali mtu wa amani kuvifurahia? Na je, ni kweli wasemavyo wengine, ya kwamba vita ni mama wa maarifa, na kwa hiyo haifai kuulalamikia mfuko wake?

Sisi tukaao Mpanda twaweza kudhani kwamba swali hili lawahusu watu wa Mombasa na Dar es Salaam, wala si sisi watu wa bara, wa mahindi na mpunga na asali. Sivyo. Mkoa wetu wa Katavi una pwani yake, nayo ni ufuko wa Ziwa Tanganyika. Na katika ufuko huo, pale Karema, swali hili lina historia ndefu.

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianzisha kituo Karema kwa ajili ya Chama cha Kimataifa cha Afrika, chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Kituo kile kilijengwa kama ngome. Mwaka 1885 kilikabidhiwa Mapadre Weupe, na kuta zilizojengwa kwa hofu zikawa za sala na mafundisho. Katika miaka ile ile ziwa lenyewe lilikuwa likishuka, kwa kuwa maji yake yalikuwa yamejifungulia njia katika mto Lukuga, upande wa Kongo. Na katika miaka iliyofuata 2020 twaliona likipanda tena, likafunika fukwe na majengo ya watu. Mfalme aweza kuamuru ngome ijengwe, lakini hawezi kuyaamuru maji. Ajengaye kando ya maji hana budi kwanza kuyajua, na kuyajua maji ni kazi ya utafiti, nayo inataka fedha.

Sasa na tutazame jinsi fedha ya vita ilivyofika katika ziwa letu. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1913, katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Wajerumani walikuwa wameunda meli iitwayo Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku elfu kadhaa, ikavuka bahari, ikapandishwa garini, ikaungwa tena Kigoma, na mwaka 1915 ikashushwa majini. Nia ya kwanza ya meli hii ilikuwa kuchukua abiria na mizigo. Lakini vita vilikwisha kuwaka, nayo ikatiwa mzinga uliotoka katika manowari Königsberg, ile iliyoangamia katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915.

Waingereza nao hawakukaa kimya. Mwezi wa Juni 1915 walituma kutoka kwao mashua mbili za vita, Mimi na Toutou. (Jina hilo si "mimi" ya lugha yetu, ni la Kifaransa.) Mashua hizo zilikwenda kwa meli mpaka Cape Town, kisha kwa gari la moshi mpaka Katanga, kisha zikakokotwa kwa mitambo ya mvuke, na kwa ng'ombe, na kwa mikono ya watu, juu ya milima ya Mitumba. Mwezi wa Oktoba zikafika ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Wajerumani iitwayo Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 ziliizamisha Hedwig von Wissmann. Lakini na ile meli kubwa hazikupigana kamwe. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe, wasimwachie adui. Hata hivyo mafundi wake waliipaka mitambo yake mafuta mazito kabla ya kuizamisha, ili isiharibiwe na maji.

Tuhesabu basi. Gharama zile zote, safari zile zote, na ujuzi wote ule, vilizaa miezi michache ya mapigano. Wala fedha haikuwa gharama kubwa kuliko zote. Katika vita vile wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa maelfu na maelfu, kwa njaa na kuhara na homa, wakiwa wamebebeshwa mizigo ya ugomvi wasioujua chanzo chake. Hakuna aliyewauliza kama walitaka meli ziwani.

Baada ya vita Waingereza waliiinua Götzen kutoka majini mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya, Liemba. Tangu hapo ikawa meli ya watu wote wa ufuko, kutoka Kigoma hata Mpulungu. Wachuuzi wa dagaa, wagonjwa, wanafunzi na bibi harusi, wote waliipanda. Mwaka 1997 ilitumika kuwarudisha makwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Chombo kilichofungwa mzinga kikawa chombo cha kumrudisha mkimbizi kwao.

Mbele ya habari hii watu hugawanyika katika fikira mbili.

Fikira ya kwanza husema: Mwaona, vita huzaa mema. Nasi, kwa kuwa twaambiwa, "Mgala muue na haki yake mpe," tuipe fikira hii haki yake. Ni kweli kwamba katika Vita Kuu ya Pili wataalamu Sverdrup na Munk, huko Marekani, walitengeneza njia ya kutabiri mawimbi ya ufukoni, ili askari washukapo wasizame. Na leo maarifa ya namna hiyo humfaa ajengaye gati la biashara. Ni kweli kwamba mwaka 1946 serikali ya Marekani ilianzisha ofisi ya utafiti ya jeshi lake la majini, nayo ililipia elimu kubwa ya bahari. Ni kweli pia kwamba satelaiti zimwonyeshazo mvuvi mahali alipo kwa simu yake, hata usiku wa giza, zilirushwa kwanza na jeshi, ya kwanza mwaka 1978.

Lakini tutazame vizuri. Hata mwaka 2000 jeshi lile lilikuwa likiipunguza makusudi nguvu ya satelaiti zile kwa watu wa kawaida, wasipate kujua mahali pao sawasawa kama askari wajuavyo. Kumbe faida ya mvuvi haikuwa nia ya mfuko ule. Ilikuwa kama punje zidondokazo katika gunia likichukuliwa ghalani. Kuku huziokota akashiba, nasi twafurahi kwa ajili ya kuku. Lakini hakuna mkulima mwenye akili asemaye kwamba njia njema ya kulisha kuku ni kutoboa magunia.

Tena, vita havikuipa amani meli ya Liemba. Vita viliiacha chini ya maji. Walioileta juu ni watu waliokusudia, wakatoa fedha mara ya pili, wakafanya kazi mara ya pili. Na Mimi na Toutou, zilizoundwa kwa vita tu, ni abiria gani amewahi kusafiri nazo kwenda sokoni? Basi tusiseme kwamba vita vilizaa mema. Tuseme kwamba watu waliokota mema katika magofu yake, na kuokota huko kulikuwa na gharama.

Fikira ya pili husema: Kitu kilichotoka katika vita ni najisi, tukiache. Fikira hii yatoka katika moyo mwema, lakini nayo imekosa. Chuma hakina moyo. Meli ile ile iliundwa kwa biashara, ikageuzwa kwa vita, ikarudi katika biashara. Na kila mara aliyeigeuza ni mtu. Mama mwenye uchungu wa kuzaa, atakaye kufikishwa hospitali, hawezi kungoja tuchunguze nasaba ya chombo. Zaidi ya hayo, tukikitupa kilichonunuliwa kwa jasho la wapagazi wale, twawadhulumu mara ya pili. Heri kilichowagharimu wao kiwafae wajukuu wao.

Ikiwa basi hatia haimo katika chombo, imo wapi? Mimi naona imo katika mfuko. Nataka kusema, imo katika desturi yetu wanadamu ya kuufungua mfuko upesi tukiogopa, na kuufungua polepole tukipenda.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria, wakafa watu mamia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Hakuna adui aliyewapiga. Vyombo vilijazwa kupita kiasi. Ebu tufikiri: Lau watu hao wangaliuawa kwa mzinga wa nchi ya kigeni, tungalitoa kiasi gani siku ya pili yake? Tungalinunua mashua, tungalijenga minara, tungalipeleka wataalamu kupima kila ghuba. Lakini mtu aliyekufa maji kwa kujazana, na mtu aliyekufa kwa mzinga, wote wameacha watoto walewale. Kwa nini kifo kimoja kifungue hazina na kingine kifungue midomo tu? Na Liemba yenyewe, iliyoletwa kwa haraka kutoka Ulaya mpaka Kigoma, katika miaka ya karibuni ilisimama siku nyingi ikingojea matengenezo makubwa.

Huenda mtu akanijibu, "Mwalimu, wataka nchi isijilinde?" La, sisemi hivyo. Mwenye nyumba asiyefunga mlango ni mjinga, wala si mpole. Katika ziwa letu wavuvi wamenyang'anywa mashine na nyavu na wanyang'anyi wenye silaha, na askari awalindaye astahili mshahara wake na mashua yake. Tena mashua ya ulinzi yaweza kumwokoa azamaye. Ulinzi ni wajibu. Ninalolikataa ni kuifanya hofu kuwa mwalimu wa pekee wa hazina, hata tusiweze kupima kina cha maji mpaka tuwe na adui wa kumtega humo.

Kwamba jambo hili lawezekana kwa njia nyingine, twalo shahidi karibu nasi. Kati ya mwaka 2019 na 2022 ilijengwa Karema bandari mpya, kwa fedha ya umma, zaidi ya shilingi bilioni 47, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania. Hakuna adui aliyetulazimisha. Kusudi lake ni kuvusha mizigo kati ya nchi yetu na Kongo. Si mbali na pale ilipokuwa ngome ya mwaka 1879 pamejengwa gati la wauza nafaka na saruji. Hata reli yetu ya Mpanda, iliyojengwa karibu na mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, yatufundisha jambo hili: machimbo yale yalikwisha kufungwa, na gari la moshi likabaki likichukua watu na mahindi.

Lakini tusijisifu mapema. Gati peke yake ni mawe na zege. Lataka barabara ipitikayo masika na kiangazi, lataka meli, lataka taa, na vipimo vya kupanda na kushuka kwa ziwa, na watu waliofundishwa kuyasoma. Hapo ndipo fedha ya amani hujaribiwa. Fedha ya vita hutolewa mara moja kwa kelele nyingi. Fedha ya amani yapaswa kutolewa kila mwaka, kimya kimya, kwa matengenezo ambayo hakuna awezaye kuyapigia ngoma.

Basi mtu ahubiriwapo habari za fedha kubwa ya kujenga kando ya maji, awe diwani au mwalimu au mvuvi, na aulize maswali matatu. Kwanza, ni nani atakayelipa, na je, ameulizwa? Pili, siku ambayo hakuna adui, kitu hiki kitamfaa nani? Tatu, kama ni chema, kwa nini hatukukifanya kabla ya kuogopa? Swali la kwanza hulinda haki ya wanyonge, na la pili hulinda mali ya umma. La tatu hulinda mioyo yetu, nalo ndilo gumu kuliko yote.

Mafundi wale wa Kigoma waliipaka mitambo mafuta, hali walijua kwamba meli inakwenda chini. Sababu yao ilikuwa ya vita, yaani kutumaini kurudi. Lakini uangalifu wao ndio uliowafaa watu wa ufuko kwa miaka mingi. Ikiwa watu walio vitani waliweza kutunza chuma kwa ajili ya siku wasiyoijua, je, sisi tulio katika amani tutashindwa kutoa fedha na akili kwa ajili ya mtoto avukaye ziwa kesho asubuhi?