Jiko Nalo Libarikiwe



Kubariki nyumba mpya ni kazi inayomfurahisha kila padre. Baba mwenye nyumba humpokea mlangoni, watoto wamevaa nguo za Dominika, nao msalaba na mishumaa vimewekwa juu ya kitambaa cheupe. Padre husali, hunyunyiza maji ya baraka sebuleni na vyumbani, kisha huketi kula.

Siku moja, katika kijiji kimoja cha ufukoni si mbali na Mwanza, nilipokwisha kula niliomba kumshukuru mpishi. Nikapelekwa uani, penye kibanda kisicho na dirisha. Humo, katikati ya moshi, bibi wa nyumba ile alikuwa ameinama juu ya mafiga, macho mekundu, na mjukuu mgongoni. Maji ya baraka hayakufika huko, wala mimi sikuwa nimeuliza kama kuna jiko. Nilipomtazama mwenye nyumba, alicheka kidogo akasema, “Padre, jikoni ni mambo ya akina mama.”

Ndugu zangu, sivyo. Bwana wetu Yezu Kristu alipofufuka alisimama ufukoni mwa ziwa la Tiberia, akawaandalia mitume wake samaki juu ya moto wa makaa. Ikiwa yeye hakuona haya kushughulika na moto na chakula, mwanamume wa leo aogope nini?

Mara nyingi twajenga kwa ajili ya macho ya wageni. Sebule yawekwa vigae, bati lang'aa, lakini dari hakuna, na saa nane mchana nyumba yawaka kama tanuru. Madirisha yote yako upande mmoja, hata feni huzungusha joto lilelile. Jiko huachwa la mwisho, fedha zikiwa zimekwisha. Anayelipa deni la ujenzi wa namna hiyo ni mama kwa mapafu yake, na binti kwa saa za masomo anazotumia kutafuta kuni. Nchi nayo yalipa kwa miti yake. Wazee wa Usukuma wayajua haya. Huko Shinyanga ardhi ilikuwa tupu kiasi kwamba mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa HASHI, na wananchi wakarudishia heshima ngitili zao za asili. Miti ilirudi, lakini kwa jasho la miaka mingi.

Serikali nayo haikulala. Mwaka 2024 ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, kwa shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati safi. Imeziagiza pia taasisi zinazopikia watu wengi ziachane na kuni na mkaa. Shule zetu, hospitali zetu na seminari zetu zimo katika agizo hilo. Ingekuwa aibu kwetu kuhubiri utunzaji wa viumbe altareni, huku malori ya kuni yakishushwa nyuma ya jiko letu.

Wako wasemao, “Umeme sasa ni mwingi. Bwawa la Julius Nyerere la mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeanza kuzalisha tangu mwaka 2024. Kubana matumizi ni kwa nini?” Hao nawakumbusha ng'ambo ile ya ziwa la Galilaya. Aliyeweza kushibisha watu 5,000 kwa mikate mitano angeweza kutengeneza mingine kesho yake. Hata hivyo aliamuru mabaki yaokotwe yasipotee, yakajaa vikapu 12. Wingi wa mali haumpi mtu ruhusa ya kuitupa.

Basi, tufanye nini? Wewe baba unayejenga, mwambie fundi kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, kwa kuwa huku karibu na ikweta jua la asubuhi na la alasiri hupiga mashariki na magharibi. Weka madirisha yanayokabiliana, upepo wa ziwa upite. Weka dari, na baraza yenye kivuli. Tofali la kuchoma hula miti. Yako matofali ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine na kufungamana pasipo kuchomwa. Nawe mama, loweka maharage tangu jana yake, funika sufuria, na ukiweza tumia jiko banifu lenye dohani, au gesi, au umeme.

Tena hesabuni taa zenu. Balbu ya kizamani ya wati 60, ikiwaka saa tano kila usiku, humaliza uniti moja ya LUKU kwa siku tatu na kidogo. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana na huo, na uniti ileile huitosha siku 22. Fedha inayosalia yaweza kununua madaftari ya mtoto. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitaja hata kuzima taa isiyohitajiwa na kupika kiasi kitakacholiwa kuwa matendo yenye thamani mbele ya Mungu.

Mimi nimekwisha azimia. Nikiitwa tena kubariki nyumba, nitaomba tuanzie jikoni, na baba mwenye nyumba atanishikia chombo cha maji ya baraka. Kama moshi utatutoa machozi sote wawili, hatutaketi mezani mpaka tumekubaliana dirisha litobolewe wapi, na siku gani.