Safari ni ya Nani?

Kwenda likizo kwa miguu nyuma ya kiongozi ni raha. Lakini safari hiyo ni ya nani? Modogashe, penye njia panda ya Isiolo, Wajir na Garissa, mchunga ngamia hujua visima na malisho kama wewe ujuavyo herufi, na elimu hiyo hukusanywa kwa nyayo. Ujira wake utamlipa jioni. Je, deni limekwisha? Mimi sidhani. Mwaka 1888 Teleki na von Höhnel walilifikia ziwa tuliitalo leo Turkana. Katika msafara wao alikuwamo Msomali, Dualla Idris. Ziwa wakalipa jina la Rudolf, mwana wa Kaisari wa Austria, ambaye hakukanyaga ufuo wake kamwe. Nawe urudipo shuleni ukisimulia matembezi yako, utaanza na jina la nani?