Povu la Chania Lilipogeuka Zambarau

Mzee mmoja wa Thika, mwalimu mstaafu, alinipigia simu mwezi wa Juni. Yeye na mkewe walikuwa wanakaribia kutimiza miaka 50 ya ndoa, na picha yao ya harusi ilipigwa mbele ya maporomoko ya Chania, pale kwenye hoteli ya Blue Posts. Alitaka maporomoko hayo yachorwe kwa mkono, yatundikwe sebuleni kabla ya wageni kufika mwisho wa Julai. "Itakuwa tayari, guka," nikamwambia. Nusu ya pesa ikaingia kwa M-Pesa jioni hiyohiyo.

Nilipanga kuchora mawe na miti kwa wino mweusi, juu yake nipake penseli za rangi zile zinazoyeyuka majini, kisha nipitishe brashi yenye maji. Povu nisingelipaka chochote. Katika kazi ya namna hii weupe ni karatasi yenyewe, na ukishauchafua huupati dukani.

Chupa yangu ya wino wa Kihindi ilikuwa imekauka, na nyingine ningeipata Nairobi tu. Nikaona uvivu. Katika duka la vitabu hapa Ruiru nikapata wino mweusi wa kalamu za kujaza, bei ya chini. Nikajiambia mweusi ni mweusi.

Nilichora siku mbili. Nikausugua mstari kwa kidole kikavu, haukutoka, nikaridhika. Nikapaka kijani cha majani, kahawia na kijivu za mawe, nikachovya brashi. Kwenye ukingo wa jiwe la kushoto mstari ukafumuka kama uzi wa sweta. Weusi ulibaki nyuma, bluu ikatoka, na mbele yake zambarau ikatangulia hadi katikati ya povu.

Hapo ndipo ningepaswa kuweka brashi chini. Badala yake nikafuta kwa tishu, nikaongeza maji, nikafuta tena, mpaka karatasi ikaanza kutoa nyuzinyuzi. Asubuhi nikapiga rangi nyeupe nzito juu ya doa. Kwa dakika chache nikajiona fundi. Ilipokauka, zambarau ilikuwa imepanda hadi juu, hafifu, kama maua ya mjakaranda yaliyokanyagwa barabarani.

Nilimpelekea mzee karatasi ile mwenyewe, kwa aibu, nikamwomba siku zaidi. Mkewe aliishika, akaitazama kwa muda. "Kijana, hii si Chania," akasema. "Haya ni maji niliyofulia sare za shule."

Cucu, yaani bibi huyo, alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Wino wa kalamu ya kujaza ni rangi iliyoyeyushwa majini, karibu sawa na ile ya kutia kwenye nguo. Hauna gundi ya kushika karatasi, maana gundi ingeziba nibu. Weusi wake mara nyingi ni rangi kadhaa zilizochanganywa, na kila moja ina mwendo wake maji yakipita. Hata ukikaa mwaka mzima, tone moja laweza kuuamsha. Wino wa Kihindi ni masizi yaliyofungwa kwa lakiri. Ukishakauka barabara, maji hayaufungui. Ndiyo maana nao hautiwi kamwe kwenye kalamu ya kujaza.

Bei ya chini haikuwa kosa. Rosemary Karuga, aliyesomea sanaa Makerere miaka ya mwanzo ya 1950, alitengeneza kolaji zake kwa vipande vya pakiti za bidhaa za dukani, na zinaheshimiwa hadi leo. Mimi nilinunua kitu nisichokijua, halafu nikakipima kwa kidole kikavu.

Mara ya pili nilienda Nairobi, nikanunua wino wa Kihindi, nikachora upya. Julai hapa kwetu ni baridi na manyunyu, na mstari mnene hukauka juu huku ndani ungali mbichi, hasa pale kalamu inapotua. Nikauacha usiku mbili. Kwenye kipande cha karatasi ileile, kilichochorwa saa ileile, nikapitisha brashi yenye maji, nikakandamiza tishu. Ikatoka nyeupe. Ndipo nikashika penseli, nikianza na rangi nyepesi, kila tabaka likikauka kabla ya lingine, kwa kuwa penseli nyingi za aina hii huamka tena kila zikiloweshwa. Mistari ya mwisho ya wino niliichora juu ya rangi iliyokauka kabisa. Ikiwa na unyevunyevu, wino husambaa na kuota ndevu.

Picha ilitundikwa siku mbili kabla ya wageni. Nusu ya pili ya pesa ilipoingia, nilikuwa nimeshaitumia yote kwa karatasi mpya, chupa ya wino na nauli za matatu.