Dawa ya kinga ya Ukimwi: Misikiti ya Njombe na Makambako isikae kimya

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wao mpaka siku ya Kiyama. Amma baad.

Ndugu Waislamu, lipo jambo ambalo wengi wetu hupenda lizungumzwe na watu wengine, tena mbali na msikiti. Jambo hilo ni Ukimwi, na hasa ile dawa ya kinga ambayo mtu asiye na virusi huimeza ili asiambukizwe. Wahudumu wa afya huiita PrEP. Wapo miongoni mwetu wanaosema kuwa dawa hii ni mbinu ya kuhalalisha zinaa. Wapo wanaosema ni dawa ya makahaba, haiihusu nyumba ya Muislamu. Na wapo wanaoona heri kukaa kimya ili wasije wakanukuliwa vibaya. Kauli hizi hazifai kupimwa kwa hasira. Tuzipime kwa mizani ya sheria ya Allah, na kwa hali ya watu wetu ilivyo.

Tuanze na hali ilivyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011-12 ulionyesha kuwa Njombe ilikuwa na maambukizi ya asilimia 14.8 kwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 49, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 5.1. Utafiti wa mwaka 2022-23 ukaikuta Njombe bado inaongoza, ikiwa na asilimia 12.7 ya watu wazima, na taifa likiwa na asilimia 4.4. Ni kweli kwamba sehemu ya idadi hiyo ni ndugu zetu walio hai kwa sababu ya dawa za kufubaza virusi, ambazo serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Hilo ni la kumshukuru Allah. Lakini maana yake pia ni kwamba katika kila watu wazima wanane Njombe, karibu mmoja anaishi na virusi. Hakuna ukoo unaoweza kusema jambo hili haliuhusu.

Na tuitazame Makambako. Hapo ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya, Tunduma na Zambia inapoachana na ile iendayo Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo inapita hapo. Malori yanalala, mabasi yanasimama, gesti hazikosi wageni na mama lishe hawazimi moto. Ukipanda kuelekea Njombe unakuta mashamba ya chai, misitu ya mbao, viazi na maparachichi, na vijana wanaokuja kwa vibarua vya msimu, mbali na wazazi na wake zao. Riziki hiyo ni ya halali. Lakini safari ndefu, fedha ya mkononi na upweke ni mlango ambao shetani anaujua vizuri.

Sasa dawa yenyewe ni nini? Iliyozoeleka ni kidonge kimoja kwa siku, chenye dawa mbili za jamii ile ile inayotumika kufubaza virusi. Anayetumia hupimwa kwanza kuhakikisha hana maambukizi, kisha hupimwa tena kila baada ya miezi mitatu. Akiimeza kila siku bila kuruka, virusi vikiingia mwilini hukuta dawa imeshatangulia, vikashindwa kujijenga. Inahitaji siku kadhaa za kumeza kabla kinga haijakamilika, hivyo si kitu cha kubugia usiku wa leo kwa ajili ya usiku wa leo. Haizuii kaswende, haizuii kisonono, haizuii mimba. Wala haifuti dhambi.

Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2015 kwa kila aliye katika hatari kubwa ya kuambukizwa. Jirani zetu wa Kenya waliizindua kitaifa mwaka 2017. Hapa kwetu nayo imeingizwa katika mpango wa serikali wa kupambana na Ukimwi.

Hebu turudi kwa wale wanaosema ni dawa ya makahaba. Mojawapo ya majaribio makubwa yaliyothibitisha kazi ya dawa hii yalifanyika Kenya na Uganda, na matokeo yake yakatoka mwaka 2011. Waliojaribiwa hawakuwa makahaba. Walikuwa ni wanandoa na wenzi wapatao jozi 4,700, ambamo mmoja ana virusi na mwingine hana. Miongoni mwa wasiokuwa na virusi, waliopewa kidonge cha dawa mbili walipungukiwa na hatari ya kuambukizwa kwa asilimia 75 wakilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa maneno mengine, dawa hii ilithibitishwa ndani ya nyumba za watu, juu ya vitanda vya wanandoa.

Basi fikiria mke wa dereva anayekaa Makambako. Hajavunja mpaka wowote wa Allah. Anaswali, anafunga, anamsubiri mumewe. Mume anarudi baada ya wiki tatu, na mke hajui alikopita. Akimwomba wapime, anaitwa mkorofi. Akikataa kitanda, anasomewa haki za mume. Mwanamke huyu tunamwambia nini? Tumwambie aache zinaa? Hajazini. Tumwambie asubiri? Asubiri nini, mpaka aambukizwe yeye na mtoto aliye tumboni? Allah (S.W.) ametuamrisha tukae na wake zetu kwa wema (4:19), na amewafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja kwa mwenzake (2:187). Vazi humsitiri na kumkinga aliyelivaa. Vazi linalomuua mvaaji si vazi.

Tuje kwenye hoja nzito zaidi, ya wale wanaosema kuwa kinga inafungua mlango wa zinaa. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwani kuziba njia za maovu ni msingi unaojulikana katika fiqhi. Allah hakutukataza zinaa peke yake, alitukataza hata kuikaribia (17:32). Hukumu hiyo haikubadilika kilipokuja kidonge na haitabadilika itakapokuja sindano. Khatibu anayewaambia watu kuwa zinaa sasa ina nafuu kwa sababu kuna dawa amewahadaa.

Lakini tuulizane: Je, Njombe ilikosa zinaa kabla dawa hii haijaja? Asilimia 14.8 ilipatikana wakati dawa ya kinga haijafika kabisa. Hofu ya Ukimwi imekuwepo tangu wagonjwa wa kwanza walipogundulika Kagera mwaka 1983, na haikuwafanya watu wawe wachamungu. Anayeacha zinaa kwa kuogopa virusi atairudia siku atakapoambiwa virusi vimekwisha. Anayeiacha kwa kumuogopa Allah ndiye aliyeacha. Kazi ya kujenga hofu hiyo ni yetu sisi wa mimbari, si kazi ya kirusi. Tukikiachia kirusi kazi ya kuwafundisha watu dini, hakibagui: kitamwadhibu mwenye kosa, kisha kitamfuata mkewe, kisha mtoto anayenyonya.

Aidha, zipo kanuni zinazojulikana kwa kila mwanafunzi wa fiqhi: kwamba madhara huondolewa, na kwamba yakikutana madhara mawili hubebwa lililo jepesi ili kuepusha lililo zito. Allah amekataza tusijitupe katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe (2:195), na ameifanya kazi ya kuokoa nafsi moja kuwa sawa na kuokoa watu wote (5:32). Aya hiyo haikututaka tuchunguze kwanza kama anayeokolewa ni mtu mwema.

Wapo pia wanaosema: kama Allah ameandika, ameandika. Hawa wakumbuke kisa cha Umar bin Khattab (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akasikia kuwa tauni imeingia huko, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida (R.A.) alimuuliza iwapo anaikimbia Qadar ya Allah, na Umar akamjibu kuwa anatoka kwenye Qadar ya Allah kwenda kwenye Qadar ya Allah. Kisha Abdulrahman bin Auf (R.A.) akaja na hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayokataza kuingia katika ardhi yenye tauni na kutoka ndani yake kwa kuikimbia. Kujikinga ni sehemu ya Qadar pia.

Na kisa hicho kina funzo la pili. Abu Ubaida huyo huyo alifariki kwa tauni ile, naye ni miongoni mwa kumi waliobashiriwa Pepo. Muadh bin Jabal (R.A.) naye alifariki katika tauni hiyo. Ni nani basi atakayethubutu kusema kuwa kila mwenye maradhi amekasirikiwa na Mola wake?

Ndugu msomaji, sisi si wa kwanza kukutana na mtihani huu. Chama cha Madaktari Waislamu wa Uganda, kikiwa na wasomi kama Profesa Magid Kagimu, kilianza mwaka 1992 kuwafundisha maimamu na wasaidizi wao kuzungumza juu ya Ukimwi nyumba kwa nyumba. Suala la kondomu lilipojitokeza, maimamu wengi walilipinga. Baada ya majadiliano wakakubaliana ifundishwe kwa matumizi ndani ya ndoa, sambamba na kukataza zinaa. Hawakubadilisha dini. Walikaa pamoja, wakasikilizana, na mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ukaitangaza kazi yao kuwa mfano wa kuigwa. Maimamu wa Mpigi na Iganga wakiweza, wa Njombe na Makambako washindwe na nini?

Basi tufanye nini? Kwanza, maimamu wawaalike wahudumu wa afya baada ya swala ya Magharibi au Isha, na madrasa za kina mama zipewe siku yao peke yao, ili waulize wasiyoweza kuuliza mbele ya wanaume. Msikiti wa njiani hupata dereva na utingo ambao zahanati haiwapati.

Pili, wachumba wapime wote wawili kabla ya nikah, na anayesafiri kwa wiki kadhaa aone kupima ni sehemu ya amana ya ndoa. Aliyejijua kuwa ana virusi ni wajibu amweleze mwenzake. Sheria ya nchi ya mwaka 2008 inataka hivyo, na wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chao cha Abu Dhabi mwaka 1995, waliamua kuwa kuambukiza kwa makusudi ni haramu. Akishaeleza, asitangazwe. Anayeisitiri aibu ya Muislamu, Allah humsitiri.

Tatu, tusichanganye mambo. Kisomo na dua ni ibada, lakini si ruhusa ya kuacha dawa za hospitali. Mwenye virusi ameze dawa zake. Akizimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye vipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Katika ile miezi ya mwanzo kabla hajafika hapo, dawa ya kinga kwa mwenziwe ni daraja la kuvukia. Na kwa kuwa ni kidonge kimoja kwa siku, mfungaji anaweza kukimeza usiku, bila kuvunja saumu wala kuruka dozi.

Nne ni kwa serikali. Dawa iliyoko hospitali ya mkoa haimsaidii kibarua wa shamba la chai asiye na nauli. Ishuke mpaka zahanati, na Makambako ipatikane saa ambazo madereva wamesimama. Isigawiwe katika dirisha ambalo kila apitaye atajua mtu amefuata nini. Na tusitegemee mifuko ya wengine. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Iliporuhusu sehemu ya huduma za Ukimwi kuendelea mwezi uliofuata, dawa ya kinga kwa fedha zake ilibakishwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Mke wa dereva asiye mjamzito akatolewa kwenye hesabu kwa kalamu ya Washington. Taifa linaloacha uhai wa watu wake mikononi mwa wengine lisishangae mkono ukivutwa.

Jambo hili lina haraka, kwani neema nyingine iko njiani. Mwaka 2024, katika majaribio yaliyofanyika Uganda na Afrika Kusini, wanawake zaidi ya 2,100 walichomwa sindano ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka, na matokeo yalipotangazwa hakukuwa na hata mmoja wao aliyeambukizwa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Huko Marekani bei yake ilitangazwa kuwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka, lakini yamefikiwa makubaliano ya kutengeneza ya bei nafuu, kama dola 40 kwa mwaka, kuanzia mwaka 2027. Sindano ya miezi sita ni sitara kwa mwanamke asiyeweza kuweka kichupa cha vidonge kabatini. Ikifika Njombe na kuikuta misikiti bado inabishana kama ni dawa ya makahaba, tutaulizwa mbele ya Allah tulikuwa wapi.

Ndugu Waislamu, tuikemee zinaa kwa sauti ile ile tuliyoizoea, tena zaidi. Tuwaozeshe vijana wetu bila mahari za kuwakomoa. Lakini ukimaliza kukemea, fungua mlango, mwache mhudumu wa afya aingie azungumze na watu.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, awalinde wake na watoto wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaookoa nafsi. Wabillahi tawfiq.