Nani Ampishe Mwenziwe?

Wahenga walisema, "Mwenye nguvu mpishe." Lakini je, yafaa iwe hivyo katika kila njia? Tuitazame Uingereza, ambako watu wapendao kusafiri mashambani kwa baiskeli wamekuwa na chama chao tangu mwaka 1878.

Huko ziko njia za zamani zipitazo kati ya mashamba na misitu, mbali na kelele za magari. Zilikuwa za waenda kwa miguu na wapanda farasi. Sheria ya mwaka 1968 iliwaruhusu wenye baiskeli nao wazipite, ila kwa sharti: wawapishe hao wawili.

Wengine watasema hiyo ni nusu ya haki. Sisi twaona sivyo. Baiskeli huteremka kilima kimya kimya. Mzee haisikii, na farasi akishtuka aweza kumwangusha aliyempanda. Awezaye kudhuru ndiye apaswaye kushika breki kwanza. Tena yeye aliwakuta wenzake njiani.

Je, mwenda kwa miguu naye asimame katikati kwa kuwa sheria yamlinda? Hasha! Sheria haimwamuru asogee, lakini utu wamwamuru. Akisikia kengele na asogee, na mwenye baiskeli aseme ahsante.

Utulivu wa njia hizo si mali ya mtu mmoja. Hudumu pale kila apitaye akubalipo kupoteza dakika moja kwa ajili ya mwenziwe. Basi, ndugu wasomaji, tuonavyo sisi, mwenye nguvu ndiye apishe.